Bei ya Msichana wa Ungo

Nyeri, 6 Februari 2024

Kwako Wendy Wakiuru, mke wangu mdogo, unayebeba jina la marehemu cucu yako, mke wangu mkubwa, na ukali wake wote,

Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limeacha kazi na sasa linangojea pensheni. Ng'ombe amezaa ndama dume, kwa hivyo hakuna wa kupongezwa. Shangazi yako Magdaline ameshonewa sare mpya ya kwaya na anatembea hapa nyumbani kama askofu.

Najua utauliza kwa nini naandika barua na dunia iko na simu. Kwanza, sikio langu moja limekufa na la pili ni mgonjwa. Nikiweka simu hapo nasikia nyuki. Pili, simu ya nyumba hii ni ya Magdaline, na neno likiingia kwa simu ya Magdaline limeingia kanisani. Bahasha hii nimempa karani wa mizigo pale steji ya magari ya Nanyuki, pamoja na avokado sita.

Sasa hii maneno yenyewe. Keti chini.

Jumanne iliyopita alikuja hapa kijana kwa gari, anaitwa Peterson, viatu safi, kipara cha mapema. Anafanya kazi na kampuni moja ndogo ya kufunga mchele kule Wang'uru. Akatoa simu akanionyesha picha. Nikashika mlango. Ilikuwa picha yangu! Niliipiga mwaka wa 1979, nikiwa na studio hapa mjini. Wakati wa mavuno nilikuwa naenda Mwea na kamera, maana mtu akishauza mchele anakumbuka ati ana sura.

Ni msichana anapepeta kwa ungo. Mchele uko hewani kama kumbikumbi, kichwa amekirusha nyuma, anacheka mpaka unaona pengo. Alikuwa ananicheka mimi. Nilikuwa narudi nyuma nikitafuta umbali mzuri, nikaingia mtaro wa maji mpaka kiunoni, kamera nimeiinua juu kama padre na kikombe. Nikabonyeza nikiwa humo humo.

Nakala moja niliuzia mwenye hoteli ya chai Wang'uru. Imening'inia hapo miaka yote ikila moshi. Huyu Peterson akinywa chai akaipenda, akaigeuza, akakuta muhuri wangu: Gatimu Studio, Nyeri. Anataka kuiweka juu ya pakiti ya mchele. Anipe elfu kumi, nitie sahihi, iwe yake.

Wendy, mimi nilikuwa nauza picha shilingi tano na mteja bado analia. Elfu kumi! Moyo uliruka ukagonga meno, bahati ni machache. Lakini uzee si ujinga. Nikamwambia lazima niulize wakili wangu wa Nanyuki. Wakili ni wewe. Unapiga picha za ndovu, unaijua hii biashara ya siku hizi. Niambie haraka: picha moja ni pesa ngapi?

Usimwambie Magdaline.

Babu yako na mume wako wa kupewa,
Guka Gatimu


Nanyuki, 19 Februari 2024

Guka mpendwa, mume wangu usiye na meno,

Avokado zimefika tano. Karani tumemjua. Huku baridi ya asubuhi inakata masikio, lakini mlima umejitokeza wiki nzima bila wingu, na mimi niko nje na kamera kabla jogoo hajaamka. Mama anasema usipoenda kliniki ya goti atakuja akubebe mgongoni mbele ya watu.

Guka, usitie sahihi! Niliposoma barua yako niliruka mpaka jirani akagonga ukuta.

Hakuna kitu kinaitwa bei ya picha moja. Nilikuwa sijui nitakuelezaje mpaka nikamkumbuka Mzee Abdille, anayeuza mifugo hapa sokoni. Ukimuuliza bei ya ngamia hakujibu. Anakuuliza: anaenda wapi? Ni wa nyama, wa maziwa, au wa kubebea watalii? Mnyama ni yule yule, bei ni tatu. Picha ni hivyo hivyo. Muulize Peterson: itakaa kwenye pakiti peke yake, au pia kwenye mabango ya barabarani? Pakiti ngapi kwa mwaka? Kenya peke yake au na nje? Miaka mingapi? Na mtu mwingine akiitaka kwa kalenda, utaruhusiwa kumpa? Kila jibu lina bei yake.

La muhimu kuliko yote: huuzi picha. Unampa leseni ya kuitumia, na muda ukiisha anarudi kuomba tena. Picha inabaki yako.

Nina maswali mawili. Negativu iko wapi? Na huyo msichana ni nani, na yuko hai? Sura ya mtu haiwekwi kwenye bidhaa kabla mwenyewe hajakubali kwa maandishi.

Nijibu upesi. Nimeanza kupita kwa karani kila jioni kama mtu anayedai.

Wendy


Nyeri, 2 Machi 2024

Wakili wangu,

Tunaendelea vizuri. Ndama tumemwita Mbunge kwa sababu anakula na hafanyi kitu. Magdaline ameanza kushuku, maana nimenyoa ndevu mara mbili wiki moja.

Barua yako nimesoma mara nne, ya mwisho kwa sauti, na mbuzi wakasikiliza. Mbona hukusema mapema? Nimeelewa yote! Kabla ya hizi sindano za daktari wa mifugo, jirani yetu Kinyua alikuwa na fahali mmoja mwekundu ambaye kijiji kizima tulimtumia. Je, Kinyua alimuuza? Thubutu! Alimkodisha, ng'ombe kwa ng'ombe, na akisikia unataka kumpeleka mbali bei inapanda kabla hujamaliza kusema. Jioni fahali analala kwa Kinyua. Sasa mimi niko na fahali wa karatasi, na nilikuwa karibu kumchinja kwa elfu kumi!

Negativu nimepata, ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, chini ya vyeti vyangu vya shule, ambavyo havijazi kopo. Haina hata mkwaruzo. Nimeishika kwa dirisha: mchele mweusi, meno meusi, na bado anacheka.

Peterson nimemuuliza maswali yako nikisoma kwa karatasi kama hakimu. Pakiti, laki mbili kwa mwaka. Kenya peke yake. Mabango pia anayataka. Miaka, milele. Nikamwambia, "Kijana, milele unaijua wewe? Hata padre anaisoma tu." Akacheka, lakini akapanda mpaka elfu arobaini. Kwa maneno tu! Sijainua hata jembe!

Nipe nambari sasa.

Kuhusu msichana, ni msichana tu wa Mwea. Mvua haijaanza huku.

Na wewe je? Ndovu wako nimewaona kwa kalenda ya ile hoteli ya watalii, na kwa milango ya magari yao, na jana kwa kikombe ambacho Magdaline alinunuliwa. Fahali hao wanakuletea ngapi kila mwaka? Hujawahi kuniambia.

Guka


Nanyuki, 25 Machi 2024

Guka,

Nisamehe kwa kuchelewa. Kazi zilikuwa nyingi. Mama ni mzima. Mvua huku imeanza.

Nambari ni hizi. Nimeuliza wapiga picha watatu wanaofanya kazi za pakiti na matangazo. Kwa kampuni ndogo, pakiti peke yake, hapa Kenya, miaka miwili: usishuke chini ya laki moja. Mabango yana bei yake mbali. Akitaka hakuna mwingine aiguse picha hiyo, aongeze nusu. Usiwe wa kwanza kutaja bei. Mwache aseme yeye ameweka kiasi gani.

Akisema milele, kunywa chai. Leo kampuni ni ndogo, kwa hivyo hata milele inaonekana ndogo. Ikikua, na sura ya huyo msichana ndiyo imeikuza, utakuwa unakaa hapo unaangalia malori yakipita na picha yako na huwezi kusema neno. Niamini.

Guka, barua yako ilikuwa kurasa tatu. Msichana alipata mstari mmoja, na mvua ikaja kumfunika. Bila yeye hatuna kitu. Jina lake ni nani?

Wendy


Nyeri, 8 Aprili 2024

Wakiuru,

Umeruka swali langu la ndovu kama mbuzi anavyoruka mtaro. Nimeona. Lakini na mimi nimeruka lako, kwa hivyo tuseme damu ni moja, tuendelee. Magdaline sasa anajua kila kitu, maana nilihitaji mtu wa kupika.

Wacha nikuambie ya Jumamosi! Wewe ulisema nisitaje bei. Nikakaa nikajiuliza: ni wapi mtu anakuja anataka kitu chako kizuri, hutaji bei, hataji bei, mnakunywa chai mpaka jasho limtoke? Ruracio! Wakati kijana anakuja kwa mahari ya binti wa watu. Na mahari ya kwetu, unajua, haiishi. Mkwe atakuwa analeta mpaka azeeke. Si hiyo ndiyo leseni yako? Basi nikamwambia Peterson: hii picha haiuzwi, inaposwa. Leta wazee.

Ulikuwa mzaha, Wendy. Lakini alikuja! Amekuja na mjomba wake Waweru, mzee wa kofia, na kreti mbili za soda. Upande wetu ni mimi na Kinyua. Tulifunika picha tatu kwa leso za Magdaline, kama wasichana wanavyofunikwa, bwana arusi achague wake. Peterson akaangalia sana, akafunua. Alikuwa amechagua mimi, nikiwa na nywele. Akatozwa faini.

Kinyua akafungua na mbuzi tisini na tisa. Waweru akasema, "Msichana mwenyewe ana pengo." Nikamwambia, "Pengo ndilo litauza mchele. Meno yote, hata ng'ombe anayo." Akasema ng'ombe hana ya juu. Huyo mzee nimempenda! Tukapigana mpaka chai ya tatu, tukafika mbuzi thelathini, kila mmoja akihesabiwa elfu nne: laki moja na ishirini, miaka miwili, pakiti peke yake. Mimi nilikuwa naimba ndani ya tumbo.

Hapo Peterson akatoka nje na simu, akarudi amebadilika rangi. Mkubwa wake amesema laki tatu. Milele. Leo.

Goti langu lilisimama peke yake. Laki tatu, Wendy! Nikaomba kalamu.

Waweru akavua kofia. Akauliza pole pole, "Na msichana ameulizwa?"

Mkono nilionyoosha kwa kalamu nikaurudisha.

"Mimi sijawahi kula mbuzi wa msichana ambaye hajaulizwa," akasema. Na ni kweli. Binti huitwa mbele ya wazee, anaulizwa: hiki kinywaji wageni wamekuja nacho, tukinywe? Akikataa, wageni wanabeba vitu vyao. Desturi ni mimi mwenyewe nimeileta mezani kwa ujeuri wangu, na ikaninasa mguu.

Sasa nitakuambia wewe, kwa sababu uko mbali na huoni uso wangu. Anaitwa Murugi. Sikumuuliza siku ile, nilipiga tu. Nikatengeneza kubwa nikaiweka kwa dirisha la studio, na wanaume walikuwa wanasimama hapo kutazama. Baba yake akaja Nyeri na shughuli zake, akapita, akaona binti yake anachekea mji mzima. Alivunja kioo na fimbo. Kioo si kitu. Murugi alikuwa anasomea ushonaji, amebakisha miezi mitatu. Baba akamtoa. Kabla ya mwaka kuisha akaozwa Kangema kwa mtu wa majani chai. Mimi nilinunua kioo kingine. Hiyo ndiyo yote nilifanya.

Yuko hai. Hata boma nalijua. Peterson atangoja mpaka aulizwe, mjomba wake amemlazimisha. Niambie nifanye nini, lakini usiniambie niende.

Gatimu


Nanyuki, 13 Aprili 2024

Guka,

Nenda.

Habari za nyumbani zitangoja. Wacha na mimi nikujibu lako. Ndovu hawaniletei kitu. Picha sitini na moja niliziuza kwa elfu nane, milele, nikiwa na miaka ishirini na miwili, na nikasema asante. Meneja aliniambia jina langu litajulikana. Si umeona kikombe cha shangazi? Liko wapi? Sikutaka ujue, kwa sababu kamera yangu ya kwanza ulininunulia wewe, na uliuza ng'ombe.

Hao ndovu hawarudi. Wewe bado una mtu unayeweza kumuuliza. Beba negativu, beba shangazi, beba goti. Usimtangulizie pesa, mtangulizie swali. Na mwambie wazi kwamba anaweza kukataa. Akikataa, laki tatu imeenda, na ni wewe utamwambia Peterson.

Naogopa pamoja na wewe.

Wendy


Nyeri, 3 Juni 2024

Mke wangu, mwanasheria, simba wa Nanyuki!

Mama yako amenipa habari. Ati hoteli ilikuita tena uwapigie picha za chui, ukawaambia mwaka mmoja mmoja na jina lako chini ya kila picha, na wakakubali! Nilicheka mpaka Magdaline akaniletea maji. Ya ndovu sina la kukuambia, mimi pia nilikuwa nimeshaomba kalamu.

Sasa keti chini tena.

Nilienda Kangema tarehe sita Mei, Magdaline akinishikilia kama mshukiwa. Nilikuwa nimetayarisha hotuba. Tukamkuta katikati ya majani chai, kikapu mgongoni, mwanamke wa miaka sitini na tano, mgongo umenyooka kuliko wangu. Kabla sijafungua mdomo akaniangalia miguuni.

"Wewe si yule wa mtaro?"

Hotuba ikapotea yote. Nikampa picha. Akapangusa mikono kwa aproni kwanza. Aliangalia muda mrefu, mpaka nikaanza kuhesabu mistari ya chai.

"Nilikuwa na shingo," akasema.

Nikamwambia niliweka dirishani bila kumuuliza, na kilichomfuata najua, na sikuja hata siku moja. Magdaline alikuwa analia, yeye hulia hata kwa harusi ya watu asiowajua. Murugi hakulia.

"Kioo kilikugharimu ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Mimi miezi mitatu. Na hakuna aliyeninunulia mingine."

Nikaitikia kwa kichwa, Wendy. Kisha nikamuuliza, kama ulivyosema, bila pesa mbele: unakubali watu waweke hii sura yako kwa pakiti ya mchele? Nikamwambia anaweza kukataa. Akauliza wanatoa nini, nikamwambia zote mbili, ya miaka miwili na ya milele. Akarudisha picha.

"Rudi kwako. Nitafikiri."

Alifikiri wiki tatu! Peterson alikuwa anapigia Magdaline kila siku. Mimi sikula. Nilikuwa najilaza nasikia laki tatu zikitembea juu ya mabati.

Jumamosi ya tarehe ishirini na tano gari likasimama hapa, akashuka Murugi na binti zake wawili, amevaa nguo ya buluu aliyoshona mwenyewe, mshono unaweza kupimia rula. Nikamtuma mtu mbio kwa Kinyua. Waweru na Peterson wakafika saa sita. Safari hii hatukufunika kitu. Alikaa kwa kile kiti changu, na sikumwambia ni changu.

Peterson akasimama, akaeleza vizuri, heshima alikuwa nayo: laki tatu kwa milele, au kidogo kwa muda.

"Mwaka mmoja," akasema Murugi. "Mbuzi ishirini. Pakiti peke yake. Kumi na tano ni zangu, tano ni za huyu. Yeye alishika kamera, mimi ndiye nilicheka."

Kinyua akataka kubisha. Nikamkanyaga mguu.

Peterson akasema, "Lakini mama, ile laki tatu, hata mkigawana nusu nusu ni..."

"Nimeihesabu, kijana. Mimi nauza majani kwa kilo, hesabu naijua." Akageuka akatuangalia wote, mmoja mmoja, na mimi wa mwisho. "Baba yangu hakuniuliza. Wa Kangema hakuniuliza. Huyu wa mtaro hakuniuliza. Leo wazee wamekaa kwa viti, chai imepoa, wanangojea mdomo wangu useme. Nimeipenda sana. Mwaka ujao mje tena mniulize."

Waweru alipiga makofi peke yake mpaka sote tukamfuata. Peterson akampigia mkubwa wake, akarudi anacheka, akatoa karatasi. Murugi alitia sahihi kwanza, mimi chini yake.

Mbuzi tano ni elfu ishirini, Wendy. Laki tatu nimeiona ikipanda gari na Peterson ikaenda. Na hii wiki yote naamka kabla ya jogoo, natembea huku na huku kwa boma kama kijana aliyekubaliwa. Magdaline anasema ni goti limepona. Mwache aamini hivyo.

Gatimu, mpiga picha